Zawadi ya Siku ya Kuzaliwa

Tazama ramani ya Afrika Mashariki. Mpaka wa Kenya na Tanzania unaanzia Bahari ya Hindi karibu na Vanga na kwenda kaskazini-magharibi, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, mpaka Ziwa Jipe. Hapo unakunja. Unapita ubavuni mwa Mlima Kilimanjaro, unauzunguka kwa upande wa kaskazini, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Aliyewahi kuitazama ramani hiyo darasani huenda alijiuliza kwa nini mstari umenyooka kote na kupinda hapo tu.

Mtandaoni jibu liko tayari. Malkia Victoria wa Uingereza, inasemekana, alikuwa na milima miwili yenye theluji Afrika, Kenya na Kilimanjaro. Mjukuu wake, Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, hakuwa na hata mmoja, akanung'unika. Bibi akamwonea huruma, na siku ya kuzaliwa kwake akampa Kilimanjaro. Wachora ramani wakapindisha mstari, mambo yakaisha.

Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya matoleo ya hadithi hii. Iko kwenye tovuti za kampuni za utalii, kwenye kurasa za "je, wajua?", na kwenye video za dakika moja. Hutolewa kama ushahidi Watanzania na Wakenya wanapozozana kuhusu mlima. Mkenya anasema ulikuwa wetu, mkapewa tu. Mtanzania anajibu kwamba zawadi hairudishwi. Wanabishana juu ya mlima, lakini kwenye hadithi wamekwisha kukubaliana.

Hadithi hiyo si ya kweli. Nataka nieleze jinsi mtu mwenye simu tu mkononi anavyoweza kulijua hilo, na kisha kwa nini inafaa ajisumbue.

Jambo la kwanza nililoliona kwenye mkusanyiko wangu ni jinsi matoleo yanavyofanana. Utani ni uleule wa mjukuu anayelia wivu, mpangilio wa sentensi ni uleule, na wakati mwingine hata kosa la tahajia ni lilelile. Karibu hakuna ukurasa unaosema umeitoa wapi habari hiyo. Wengine hutaja mwaka 1886, wengine 1890, wengine hawataji mwaka kabisa. Anayesoma kurasa kumi za namna hiyo anaondoka akiamini ana mashahidi kumi, kumbe amemsikiliza mtu mmoja mara kumi.

Hatari hii watu waliijua zamani sana. Katika Kiswahili neno "hadithi" lina maana mbili, masimulizi ya kuburudisha na habari inayopokewa kutoka kwa Mtume. Wanazuoni wa hadithi hizo za pili hawakukubali habari ije peke yake. Walidai isnadi, yaani mnyororo wa majina, fulani kutoka kwa fulani aliyesikia kwa fulani. Kisha wakamchunguza kila mmoja katika mnyororo. Je, aliishi wakati mmoja na yule anayedai kumsikia? Alijulikana kwa ukweli? Kumbukumbu yake ilikuwa thabiti? Na minyororo kumi ikikutana kwa mtu mmoja, basi mahali hapo habari ile inasimama juu ya mtu mmoja, hata kama baadaye ilienea mji mzima.

Tovuti nyingi hazina isnadi. Zina nembo, picha nzuri ya mlima na maneno "Kuhusu Sisi". Hivyo ndivyo vinavyotupumbaza, na havimpumbazi asiyesoma peke yake. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti wa watu 45 waliopewa tovuti za kutathmini: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanafunzi, na wanahistoria wengi pia, walibaki ndani ya ukurasa. Walisoma kuanzia juu hadi chini, wakatazama nembo na anwani ya tovuti, na mara nyingi wakadanganyika. Wahakiki walifanya kinyume. Walitupa jicho, kisha wakatoka haraka na kufungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasema nini kuhusu tovuti ile. Walifika kwenye jibu sahihi mapema zaidi kwa kusoma kidogo zaidi. Ni kama mgeni anayefika kijijini. Akitaka kumjua mwenyeji wake, haishii kumsikiliza mwenyewe akijisifu, huuliza na majirani.

Basi tutoke kwenye ukurasa wa zawadi tukawaulize majirani. Tuanze na tarehe.

Mkataba uliochora mpaka huu ulifanywa London mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886. Mwaka huo Kaizari wa Ujerumani alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria. Mjukuu alikuwa kijana wa miaka 27, na hakuwa hata mrithi wa kwanza wa kiti, kwa kuwa baba yake, Friedrich, alikuwa hai. Alipata ukaizari Juni 1888, babu na baba yake walipofariki katika mwaka mmoja. Mpaka ulipopita Kilimanjaro, Kaizari anayedaiwa kupewa mlima hakuwa Kaizari.

Je, pengine ilikuwa 1890? Mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilifanya mkataba mwingine. Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland na kuachia Witu, na Uingereza ikapata himaya ya Zanzibar. Lakini Kilimanjaro ulikuwa upande wa Ujerumani kwa miaka minne tayari. Na Malkia anayedaiwa kugawa milima kama peremende hakufurahia hata hiyo Heligoland kutolewa, akamlalamikia waziri mkuu wake, Salisbury. Kisiwa kilitolewa hata hivyo. Ardhi za namna hii zilikuwa mikononi mwa serikali.

Kwa dakika chache za kulinganisha tarehe, hadithi imeanguka. Ila ukiishia hapo umejua tu kisichotokea, na mstari bado umepinda. Inabidi kuusoma mkataba wenyewe.

Mkataba wa 1886 ni barua walizoandikiana balozi wa Ujerumani, Hatzfeldt, na waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Iddesleigh. Maneno yake yamechapishwa mara nyingi katika mikusanyo ya mikataba, na si marefu. Mstari, yasema barua, utaanzia mdomo wa mto Umba na kwenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe. Utalizunguka ziwa kwa mashariki na kaskazini na kuvuka mto Lumi, utapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga, utafuata mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha utanyooka hadi pale ambapo latitudo ya nyuzi 1 kusini inakata ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria.

Rudia kusoma maneno "katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga". Hapo ndipo kona ilipozaliwa. Waliouchora mstari hawakuwa na theluji akilini. Walikuwa wakitenganisha watu ambao mawakala wa kila upande walidai wamekwisha kuwekeana nao saini.

Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikwenda Kilimanjaro kwa jina la sayansi, kukusanya mimea na wanyama. Alikaa kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na alipoondoka alikuwa na karatasi za makubaliano, ikiwamo ya ardhi ya Taveta. Mwaka huohuo Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiweka watu saini kwenye hati walizokuwa hawawezi kuzisoma, na Februari 1885 serikali ya Bismarck ikazitambua. Sayyid Barghash wa Zanzibar, aliyeihesabu bara hiyo kuwa yake, hakukaa kimya. Mwaka 1885 alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, apandishe bendera ya Sultani Uchaggani, na mangi kadhaa, Rindi akiwa miongoni mwao, wakakiri utii kwa Zanzibar. Wiki chache baadaye akafika Karl Jühlke, mwenzake Peters. Rindi akaweka mkataba na Wajerumani pia.

Kwa mwaka mmoja na ushei, basi, mtu mmoja alizipokea pande tatu. Ukimwita Rindi kigeugeu umeitazama Moshi ukiwa umekaa London. Rindi alikuwa na vita vyake. Mshindani wake mkubwa alikuwa Sina wa Kibosho, na kila mgeni aliyepanda na bunduki, nguo na ahadi alikuwa mshirika wa kujaribiwa. Wala Rindi hakuwa mtawala wa mlima mzima. Kilimanjaro ulikuwa na mangi wengi, kila mmoja na nchi yake kati ya bonde na bonde. Saini ya mmoja ilipofika Ulaya ikasomwa kama saini ya wote. London walipoketi 1886, Wajerumani waliweka mezani karatasi ya Jühlke na Waingereza ya Johnston. Taveta ikaenda upande mmoja, Uchagga upande mwingine. Sultani, ambaye hakuwa chumbani, akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, na sidhani kama itaenea haraka kama ile ya bibi na mjukuu. Ina watu wengi, majina magumu, na hakuna mahali pa kuchekea.

Nimeegemea karatasi mpaka hapa, na msomaji makini atauliza kama karatasi ndiyo kweli. Mlima huuhuu una kisa kinachotuonya tusiende haraka.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka Rabai kuelekea Uchaggani, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Akamuuliza kiongozi wake wa safari ni nini kile. Yule bwana hakuwa na jina la theluji, akajibu tu kwamba ni baridi. Rebmann akaelewa. Habari ilipochapishwa London mwaka uliofuata, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta haiwezekani, alisema, na mmisionari yule ameona mambo ya kufikirika. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa na maktaba, alikuwa na sifa ya usomi, na alijua kulinganisha vitabu. Aliendelea kukataa kwa miaka mingi, hata baada ya Baron von der Decken kuupanda mlima sehemu ya njia mwaka 1861 na 1862 na kuithibitisha theluji.

Cooley alifanya mengi ambayo leo tunawafundisha vijana wayafanye mtandaoni. Alikuwa na shaka, alilinganisha vyanzo, hakukubali jambo kwa sababu limesemwa. Alishindwa kwa kuwa hakumpa uzito shahidi aliyekuwepo. Mwongozaji wa Rebmann, aliyesema "baridi", alikuwa chanzo bora kuliko maktaba nzima ya London, ila neno lake liliwafikia wasomi likiwa limepita kwa mtu waliyemdharau, nalo limetoka kwa mtu ambaye hawakumhesabu kabisa. Kwa hiyo ninapoulizwa chanzo gani kiaminiwe, swali langu la kwanza ni nani alikuwepo. La pili ni nani aliandika, na alikuwa na sababu gani ya kuandika hiki na kuacha kile.

Maswali hayo mawili ndiyo ninayoyapeleka kwenye habari nyingine ya Kilimanjaro inayozunguka mtandaoni, ambayo ni ngumu zaidi kuliko ile ya zawadi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer akakiita kilele jina la Kaizari, na aliporudi Ujerumani akampelekea jiwe la kutoka huko juu. Ukitaka kweli kuona Kaizari Wilhelm akipewa Kilimanjaro, ndicho kipande alichopewa, na aliyempa ni mpanda milima kutoka Leipzig.

Tovuti nyingi husema Meyer aliongozwa na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, na kwamba Lauwo alizaliwa 1871 na kufariki 1996. Hapa hesabu inakataa. Mtu huyo angekuwa na miaka takribani 125, zaidi ya Mfaransa Jeanne Calment, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122 na ambaye umri wake unatambuliwa kuwa mkubwa kuliko wote uliowahi kuthibitishwa. Kurasa zinazonakili umri wa Lauwo hazishangai hata kidogo, na hiyo ni dalili kwamba anayenakili hakuisoma sentensi aliyoinakili.

Lakini ukifungua kitabu cha Meyer kutafuta kweli, unakutana na tatizo lingine. Meyer anamtaja Muini Amani wa Pangani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu. Anamtaja Mangi Marealle wa Marangu, aliyempokea. Wapagazi na waongozaji wengi wanabaki kundi tu. Jina la Lauwo kutokuwemo humo hakuthibitishi kwamba hakuwepo. Kunathibitisha kwamba mwandishi hakuona haja ya kuandika majina yote. Watu wa Marangu walioyahifadhi majina hayo midomoni mwao walikuwa wakiziba pengo lililoachwa na kalamu ya mtu mwingine. Mimi naukataa umri wa Lauwo, na siukatai Uchagga wa njia ile. Wageni wasingefika mbali bila wenyeji walioujua msitu na kubeba mizigo. Habari moja inaweza kuwa na sehemu ya kutupa na sehemu ya kuhifadhi, na anayeitathmini ana kazi ya kuzitenganisha. Akili za kuambiwa, tunasema, changanya na zako. Anayesema hivyo hajasema uzitupe za kuambiwa.

Sasa kwa nini kujisumbua? Hadithi ya zawadi ni tamu, haimuumizi mtu, na watalii huipenda.

Inaumiza. Ukiisoma tena utaona kuwa ina watu wawili tu, bibi na mjukuu, wote wa Ulaya. Mlima ni kitu kilichokaa kabatini kikisubiri kufungwa utepe. Rindi hayumo, Barghash hayumo, wala hakuna aliyeweka saini au aliyedanganywa. Zaidi ya hayo, ukiamini mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa zawadi, hutaona sababu ya kuuliza nini kilifuata, maana zawadi hupokelewa kwa amani.

Kilichofuata ni vita. Mwaka 1891 Wajerumani walimshambulia Sina wa Kibosho na kumshinda. Rindi alifariki mwaka huohuo, na mwanawe, Meli, akashika nchi. Juni 1892 watu wa Meli walikipiga kikosi cha Wajerumani kilichokuja kuwatiisha, na kamanda wake, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, na Moshi ikashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Kwa jumla walikuwa 19. Familia yake inasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake ametumia miaka mingi ya maisha yake akikidai.

Madai hayo hayakuanzia kwenye karatasi. Yalianzia kwenye masimulizi ya nyumbani, aina ya chanzo ambacho Cooley angekicheka. Watafiti wa Berlin hawakuyakubali kwa kusikia tu, wala hawakuyatupa. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia ilikuwa na mafuvu yapatayo 1,100 yaliyokusanywa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Yalichunguzwa, kumbukumbu zikapekuliwa, na familia za Kilimanjaro zikaombwa sampuli za vinasaba. Mwaka 2023 taasisi hiyo ilitangaza kwamba mafuvu matatu yameunganishwa na jamaa walio hai Tanzania. Moja liliandikwa neno Akida, jina la mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo matatu.

Masimulizi ya familia yalipimwa, na yakawa na kweli ya kutosha kuwapeleka watafiti mahali palipofaa. Hadithi ya zawadi haidai kupimwa na mtu yeyote. Hunakiliwa leo, itanakiliwa kesho, na kila anayeibandika tena anamwambia msomaji wake, bila kukusudia, kwamba hakuna wa kutafutwa. Familia ya Meli bado inatafuta.